Bi Mdogo Husimama Kila Kituo

Shuka la kitanda kikubwa hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili za huku, mwenzake pembe mbili za kule, wanalivuta mpaka linakaza, wanalikung'uta mara moja, kisha wanatembea kukutana katikati. Mmoja anamkabidhi mwenzake pembe zake na kuinama kuokota mkunjo wa chini. Wanarudi nyuma, wanavuta tena. Ukitazama kwa mbali unaweza kudhani watu wanacheza, lakini ni kazi, na katika kile kiwanda cha kufulia kazi hiyo ilifanywa kutwa nzima, mashuka ya hoteli upande huu, ya hospitali upande ule, na mvuke wa pasi kubwa ukiwapanda watu mpaka kwenye nyusi.

Mwanamke waliyemwita Shangazi alikuwa akikunja peke yake. Alipigilia misumari miwili ukutani, akawa anatundika pembe mbili hapo, anavuta mwenyewe, anatembea mwenyewe kuufuata ukuta. Msimamizi alimletea mtu wa kukunja naye, akamkataa. Akaletewa mwingine, akamkataa pia, akasema misumari inamtosha, angalau haina maneno. Watu wakamwacha. Walijua kwamba upande wa pili wa shuka lile alikuwa akisimama wifi yake, mke wa kaka yake, na kwamba wifi yake aligongwa na gari akafa barabarani akija kazini. Kwa kuwa Shangazi alimwita wifi, kiwanda kizima kilimwita Wifi, wanawake kwa wanaume, hata mhasibu.

Kila jioni Shangazi alipita kwa kaka yake kumwachia chakula. Kaka yake alikuwa fundi wa baiskeli, mtu asiye na maneno mengi hata kabla ya msiba. Alimuuliza neno moja tu.

"Amesema?"

"Hajasema."

Asiyesema alikuwa Bosi.

Zamani kiwanda kilikuwa na basi la wafanyakazi. Lilikuwa la buluu, viti vyake vya rexini vimechanika na kushonwa kwa uzi wa magunia, na kwenye mlima lilikohoa kama mtu mwenye pumu. Nyuma yake palikuwa pameandikwa TUTAFIKA, na kusema kweli lilikuwa linafika. Dereva wake walimwita Taratibu. Kila mfanyakazi alikuwa na kiti chake na dirisha lake, na watu wakishapanda, aliye karibu na mlango alipiga bodi makofi mawili, basi likaondoka. Hilo halikufundishwa na mtu. Ndivyo lilivyokuwa linaondoka.

Wifi alikuwa mtu wa kuchelewa. Alichelewa hata kwenye harusi yake, bwana harusi akakaa kwenye kiti akichezea mnyororo wa baiskeli. Taratibu akifika kituo chake alizima injini kabisa, akafuta vioo, akasubiri mpaka amwone anakuja mbio huku anafunga vifungo vya sweta lake la kijani. "Jamani, twendeni basi," Wifi alisema akipanda, utadhani waliochelewesha safari ni wao.

Bosi akauza basi, akanunua gari. Si kwamba basi lile lingeweza kununua hata magurudumu ya gari lenyewe. Lakini ukichukua basi, na mafuta yake, na kazi ya dereva wake, na maziwa waliyokuwa wakipewa wanaoshika dawa za kufulia ili vifua vyao visikauke, ukavikusanya vyote mahali pamoja, unaanza kuona gari. Maziwa ndiyo yaliyotangulia kukatwa. Waliambiwa ni kwa muda.

Gari lilikuja juu ya lori, limefunikwa shuka jeupe. Wafanyakazi walitoka uani kulitazama, na jambo la kwanza waliloliona ni kwamba shuka lile lilikunjwa vibaya. Bosi akalivuta mwenyewe. Lilikuwa gari la mbio, milango miwili, viti viwili, injini imekaa mgongoni, rangi ya damu ya mzee. Aliyemuuzia alimwambia rangi hiyo haionyeshi doa. Bosi akaliwasha, na madirisha ya chumba cha pasi yakatetemeka, na sauti yake ilikuwa ya shuka jipya linapochanwa kutoka upindo hadi upindo.

"Kutoka kusimama mpaka kilomita mia kwa saa," Bosi aliwaambia, "sekunde tatu."

"Kwenda wapi, bosi?" Wifi akauliza.

Watu walicheka sana. Bosi naye alicheka, lakini alimtazama Wifi kuona ni nani.

Siku hiyohiyo basi lililouzwa likapewa jina la Bi Mkubwa, na gari likaitwa Bi Mdogo, na hapakuhitajika maelezo. Bi Mkubwa alichukuliwa na mfuga kuku, akang'olewa injini, kuku wakakaa kwenye viti vya dirishani. Taratibu akapewa ndoo na kitambaa laini, awe anamwosha Bi Mdogo. Wafanyakazi wakaanza kutembea kando ya barabara kuu alfajiri kwa alfajiri, mstari mrefu wa watu wenye mikoba.

Kero moja ilibaki. Bi Mdogo alikuwa chini mno. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, lakini Bosi sasa alikaa chini kuliko wote, matako yake shubiri mbili kutoka kwenye lami, na bado alikuwa hangojeki. Kwenye kivuko cha wafanyakazi, pale watu wanapokatiza barabara kuingia njia ya kiwandani, palikuwa na tuta. Tuta hilo waliliomba kwa miaka, wakaandamana hadi ofisi za barabara, na lilipojengwa Wifi alisimama juu yake akacheza. Siku ya kwanza Bi Mdogo alilikwaruza kwa tumbo, na Bosi akatoka nje akapiga magoti kwenye lami kuchungulia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya kwa mtu. Wiki hiyo likaja tingatinga, likalikwangua tuta lote. Bosi alisema matuta ni ushamba, barabara ya kisasa hupita moja kwa moja.

Baada ya hapo hapakupita muda. Asubuhi moja Wifi alikuwa nyuma ya mstari, peke yake, amechelewa. Waliotangulia walikuwa wameshavuka. Shangazi alisikia shuka linachanwa, refu, kutoka upindo hadi upindo, kisha kishindo kimoja kidogo. Alipogeuka hapakuwa na gari. Palikuwa na kiatu kimoja.

Askari wa usalama barabarani alikuja, akapima kwa futi, akasema ni gari lisilojulikana. Mji mzima ulikuwa na gari moja lenye sauti ile. Mtoto mchanga aliyekuwa anaamshwa nayo kila siku angeweza kulitaja kama angekuwa na meno. Bosi hakuonekana kazini kwa siku kadhaa, na Bi Mdogo aliporudi alikuwa na taa mpya upande wa kushoto na kioo kipya cha mbele. Kwenye msiba Bosi alileta shada la maua lenye jina la kampuni. Wazee waliwafariji wafiwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Shangazi alifikiri kwamba njia ya huyu ni ndefu, ina lami, na haina hata tuta.

Jumatatu moja, baada ya mvua kukatika, Bi Mdogo alisimama kwenye mnara wa maji.

Mnara wa maji ndio uliokuwa kituo cha kwanza cha basi. Watu wachache walikuwa pale, wakifunga kamba za viatu waanze safari ya miguu. Bi Mdogo aliegesha kando, akafungua milango yake yote miwili. Ndani alionekana Bosi akikanyaga mafuta. Injini ilinguruma vizuri, magurudumu hayakuzunguka. Alikanyaga tena. Alijaribu kufunga milango, ikafunguka. Mwishowe mfagiaji wa chumba cha pasi, mama mnene mwenye maumivu ya goti, alisogea, akainama, akaingia. Akaketi kiti cha tatu kutoka mbele, dirishani, mahali pake pa siku zote. Wenzake wakamfuata. Wa mwisho alipiga bodi makofi mawili na Bi Mdogo akaondoka.

Akasimama tena kwenye kona ya fundi viatu, na penye ukuta wa shule, na kwenye pampu ya maji. Kila kituo walipanda watu. Gari halikupanuka, na watu hawakusinyaa. Walipanda tu, wakaenea, kama walivyokuwa wakienea. Waliosimama walishika bomba la juu. Bosi alibaki pale mbele, amebanwa kwenye usukani, na mtu fulani akamwekea mkoba mapajani kwa kuwa ndiye aliyekuwa amekaa vizuri.

"Samahani, bosi," mfagiaji alisema, "hebu fungua kioo kidogo, huku nyuma kuna joto."

Bosi akafungua kioo.

Hakuna aliyepiga kelele wala kuliita jambo hilo muujiza. Walikuwa wamezoea basi, na basi lilikuwa limerudi. Kwa Bosi ilikuwa ni hitilafu. Aliwaita mafundi wa kampuni iliyotengeneza gari, wakaja kwa ndege na kompyuta yao, wakaichomeka chini ya usukani, wakasoma.

"Gari ni zima," mkubwa wao alisema. "Linasema abiria hawajatimia."

"Lina viti viwili!"

"Ni kweli, lina viti viwili," fundi alikubali. Wote wawili wakalitazama kwa muda. Fundi akafunga kompyuta yake, akamshauri Bosi kwamba wakishapanda wote apigiwe bodi mara mbili, maana inavyoonekana gari hili ndivyo linavyotaka.

Bosi alijaribu njia nyingine, lakini kila njia ilimrudisha kwenye mnara wa maji. Alijaribu Jumapili, Bi Mdogo hakuwaka, kwa sababu Jumapili basi lilikuwa linapumzika. Maandishi yalianza kujitokeza nyuma, chini ya rangi ya damu ya mzee, TUTAFIKA. Yakapakwa rangi, yakarudi. Angeweza kumwacha Bi Mdogo nyumbani, gari jingine alikuwa nalo, lakini mtu hanunui kitu kama kile ili akifungie ndani na panya. Alimpenda. Siku za kazi alivaa miwani yake ya jua, akapanda, akapita kuokota watu.

Taabu ilikuwa kwenye kivuko.

Pale hapakuwa kituo. Basi halikuwahi kusimama pale hata siku moja, Taratibu mwenyewe alilithibitisha. Lakini Bi Mdogo akifika pale tuta lilipokuwa, alisimama, akazima injini kabisa, akafungua mlango wa kushoto, ule wenye taa mpya, akangoja. Hakuna aliyepanda. Upepo uliingia, magari mengine yakawapita. Watu wote mle ndani waliitazama shingo ya Bosi, na shingo ya Bosi ikalowa jasho mpaka kola ikabadilika rangi. Aliwasha redio. Baada ya muda wa kutosha mtu kufunga vifungo vya sweta, mlango ulijifunga, wakaendelea na safari.

Shangazi alikaa kiti cha nyuma yake kabisa. Siku ya pili alimgusa bega.

"Bosi, kwa nini gari lako linasimama hapa?"

"Mafundi wanalishughulikia."

"Sikuulizi mafundi."

"Mama, uchunguzi unaendelea," Bosi alisema, akaongeza sauti ya redio.

Jioni kaka yake akauliza, naye akamjibu kama kawaida.

Wiki iliyofuata mlango ulipofunguka pale kivukoni, Wifi alipanda. Alikuja mbio kutoka upande wa mfereji, akifunga vifungo vya sweta la kijani, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. "Jamani, twendeni basi," alisema. Kiti chake kilikuwa wazi, walikuwa hawajakikalia hata mara moja. Akaketi, akaweka mkoba magotini, akamsalimia kila mtu kwa zamu, watu wakamwitikia. Bosi hakumwitikia. Mtu mzima, mwenye kiwanda, aliyekwenda shule mpaka ng'ambo, akasalimiwa na marehemu asubuhi ya Mungu na akakosa hata la kuitikia. Wifi alipiga bodi makofi mawili kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Kiwandani Shangazi aling'oa misumari ukutani. Wakashika pembe. Mwanzoni Shangazi alivuta kwa woga, akidhani shuka litamponyoka upande wa pili, lakini lilikaza vizuri kuliko siku zote. Wakakung'uta. Wakakutana katikati, na Wifi alipomkabidhi pembe vidole vyake vilikuwa baridi, basi.

"Nani aliyenigonga?" Wifi aliuliza.

"Wewe hukuona?"

"Alikuja kwa nyuma. Nilisikia tu shuka linachanwa, nikafikiri, nani huyo anayeharibu mali alfajiri yote hii." Aliinama kuokota mkunjo. "Nataka kujua tu, wifi. Sitaki kingine. Mtu akikukanyaga mguu sokoni husema samahani, hata kama ana haraka. Huyu amenikanyaga mzima mzima, akapita."

"Unajua ni nani."

"Ninajua. Wewe unajua, na wale wote wanajua. Nataka aseme yeye."

Shangazi aliona machozi yanamjia, akayafuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa kazini. Kuanzia hapo hakutaka kitu kingine duniani, ila Bosi afungue kinywa aseme.

Afisa utumishi aliitwa kutoa uamuzi. Alifikiri sana. Alisema hakuna kanuni inayomkataza marehemu kukunja mashuka, ila jina lake limeshafutwa kwenye daftari la mishahara na halitarudishwa, na chakula cha mchana hatahesabiwa kwa kuwa hali. Bosi aliposikia kwamba mtu atafanya kazi bila jina na bila chakula, uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza tangu gari lianze matata. Alisema yeye binafsi hana kinyongo.

Hana kinyongo! Shangazi alilirudia neno hilo siku nzima, kila alipokutana na shuka katikati.

Kesho yake alimletea Wifi kile kiatu cha pili. Kaka yake alikuwa amekiweka kwenye rafu ya spana.

"Kimeingia grisi," Wifi alisema.

"Alikuwa anakishika akitoka kazini."

Wifi alikivaa bila kukifuta. Jioni Bi Mdogo aliwarudisha, na Wifi alishuka pale pale alipopandia. Kaka yake Shangazi alikuwa anamngoja na baiskeli yake. Walijaribu kwenda nyumbani, lakini Wifi aliweza kufika ukingo wa lami tu, kwa kuwa ndipo alipokuwa amefika. Basi wakasimama hapohapo wakizungumza. Giza lilipoingia mume alipanda baiskeli akaenda zake peke yake, na ikawa hivyo kila siku.

Askari wa usalama barabarani aliwasimamisha mara moja kwa kosa la kujaza abiria. Alichungulia, akaona watu mpaka ndani kabisa, akamwona na Wifi. Akavua kofia.

"Pole na msiba," alimwambia.

"Nishapoa," Wifi akajibu. "Lile gari mmelijua?"

"Bado halijulikani," askari alisema kwa masikitiko, mkono wake umeegemea ile taa mpya. Kisha akampigia Bosi saluti, akawaruhusu waende.

Sasa, mwenye nguvu mpishe, hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na aliyekosa nafasi ya kumpisha hulaumiwa kwa uzembe. Lakini Bosi naye alikuwa na mashaka yake. Watu walikuwa wameanza kuuliza kwa nini gari la kifahari linasimama mahali pasipo kituo. Gari likisimama pasipo kituo, lina sababu. Likisimama kwenye kituo, limesimama kituoni. Aliliwaza jambo hilo wiki nzima, akapata dawa, na dawa yenyewe ilikuwa ya kuanzisha kituo.

Kilijengwa upesi. Bati jekundu, nguzo nne, benchi la kukalia watu watatu, na jina la kampuni kwa herufi kubwa. Kilikaa pale pale kiatu kilipookotwa. Fundi mwashi alipomaliza alibakiwa na saruji na kokoto za kutosha, akamfuata Bosi, Shangazi akiwa anasikia.

"Bosi, niwarudishie na tuta lao? Kazi ya saa moja tu."

"Hapana," Bosi alisema. "Tumbo la gari litakwaruza."

Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayekataa sukari ya pili kwenye chai. Na Wifi alikuwa ameketi kwenye lile benchi jipya, mkoba magotini, akilijaribu. Shangazi alishikwa na hasira mpaka masikio yakaziba.

Siku ya uzinduzi alikuja mgeni rasmi, na waandishi, na yule askari wa barabarani, safari hii amevaa glavu nyeupe. Kaka yake Shangazi alifunga kibanda chake cha baiskeli akaja pia. Palikuwa na utepe, ambao ulikuwa upindo wa shuka la hoteli uliotiwa rangi. Bi Mdogo aliegeshwa kando, ameoshwa na Taratibu mpaka anang'aa, maandishi yake ya nyuma yamefunikwa kwa bendera ya kampuni. Bosi alihutubia. Alisema kampuni ni familia. Alisema baada ya yaliyotokea, uongozi uliguswa. Alisema yeye ndiye mkurugenzi wa kwanza nchini kuwabeba wafanyakazi kwa gari lenye kasi kama lile, na watu wakapiga makofi, maana hilo ni kweli. Mgeni rasmi alikata utepe na kuwaomba viongozi wengine waige.

"Kuna mwenye neno?" mwenye kipaza sauti aliuliza, kwa mazoea tu.

Shangazi alinyoosha mkono. Alisogea mbele bila kungoja kuitwa.

"Mimi nina swali moja, wala si gumu. Bosi, sema ni nani aliyemgonga wifi yangu."

Magari yalikuwa yanapita nyuma yao kwa kasi yao yote, hakuna lililopunguza, kwa kuwa hapakuwa na cha kulipunguzia mwendo. Kaka yake alishika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili. Wifi hakusimama. Alikaa kwenye benchi, miguu pamoja, kiatu kimoja kina grisi, akamtazama Bosi bila ubaya wowote, kama mtu anayesubiri zamu yake dirishani.

Bosi alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu siku ile alipowaonyesha gari uani. Akafungua kinywa. Kila aliyekuwepo aliona neno limepanda, limevuka koo, limefika kwenye meno. Hata Bi Mdogo alifungua mlango wake wa kushoto taratibu, bila mtu kumgusa. Mwandishi mmoja aliinua kalamu.

Bosi akatazama saa yake.

"Tutachelewa kazini," alisema.

Mgeni rasmi alipiga makofi, na waliokuja naye wakapiga. Askari alinyoosha glavu nyeupe kuzuia magari ili msafara wa mgeni rasmi utoke salama. Watu wa kiwanda walisimama kidogo, wakitazamana, halafu wakaanza kupanda mmoja mmoja kwenda kwenye viti vyao, kwa sababu saa ilikuwa imekwenda kweli na geti la kiwanda lilikuwa halina msamaha. Mfagiaji alimpa Bosi mkoba wake amshikie. Bosi akaupokea. Wifi alikuwa wa mwisho. Alipanda, akasimama mlangoni akimtazama mumewe pale chini, mpaka mumewe akainamisha kichwa. Ndipo akapiga bodi makofi mawili.

Tangu hapo Bi Mdogo hana matata. Mafundi hawakuitwa tena. Bosi huendesha akiwa na miwani yake, hutaja sekunde zake tatu kwa wageni, na akifika kwenye kituo chenye jina la kampuni yake husimama, mlango hufunguka, husubiri, huondoka, na kwa mtu asiyejua ni gari linalofuata utaratibu. Picha ya kituo imetundikwa ofisini kwake. Tuta halipo.

Siku ile ya uzinduzi walifika kiwandani mashuka ya hospitali yamerundikana hadi dirishani. Shangazi na Wifi walitua mikoba, wakafunga aproni, wakakaa mahali pao. Shangazi alichukua shuka la juu, akalitazama, hakulikunjua.

"Amesema?" Wifi aliuliza, ingawa alikuwepo.

"Hajasema."

Wifi akanyoosha mkono wake wa baridi juu ya rundo.

"Haya," alisema. "Shika pembe."